Boti Iliyovuka Ziwa Letu

Wazee wetu wa Kasenyi na Tchomia mliopanda mlima tangu alfajiri, ndugu walimu, na ninyi wanafunzi mliokaa madirishani kwa kukosa viti, karibuni.

Mwaka 1951, ng'ambo ya Ziwa Albert, katika bandari ndogo ya Butiaba upande wa Uganda, kundi la Waingereza na Wamarekani lilijenga kijiji cha misheni, likakitia moto huku kamera zikizunguka, kisha likafunga mizigo likaenda zake. Filamu iliyotokana na moto ule inaitwa The African Queen. Mwongozaji alikuwa John Huston. Wachezaji wakuu walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ilioneshwa Los Angeles kwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1951, na miezi michache baadaye Bogart akapewa Oscar, ya pekee aliyopata maishani mwake. Tangu siku hizo filamu hii inatajwa kwa sifa moja kuliko nyingine zote: ujasiri. Nimekuja kuuliza ujasiri huo ulikuwa wa nani, na baada ya miaka zaidi ya 70 umebaki kiasi gani.

Kwa ambaye hajaiona, kisa chenyewe hiki hapa. Ni Septemba 1914, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mhubiri wa Kimethodisti kutoka Uingereza, Samuel Sayer, anaishi katika kijiji cha msituni pamoja na dada yake Rose, mwanamke mtu mzima asiyeolewa. Barua zao huletwa na Charlie Allnut, fundi wa Kikanada, mlevi, mwenye kiboti chakavu cha mvuke kiitwacho African Queen. Vita vinazuka. Askari wa Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji, na Samuel anapigwa kwa kitako cha bunduki, akili inamruka, anakufa. Rose anaingia kwenye boti la Allnut akiwa na shauri la ajabu: wateremke mto usioteremkeka mpaka ziwani, na huko wailipue Louisa, meli ya kivita ya Wajerumani. Wanapigana na maporomoko, risasi, mbu, ruba na matete, na njiani wanapendana.

Mimi niliitazama mara ya kwanza nikiwa kijana, enzi za Zaire, kwenye ukuta uliopakwa chokaa wa ukumbi wa parokia, wachezaji wote wakisema Kifaransa. Ziwa letu lilikuwa likiitwa Mobutu wakati huo. Tulicheka mpaka machozi pale Allnut anapokaribishwa chai na wale ndugu wawili waadilifu, tumbo lake likaanza kunguruma, na kila mtu mezani akajifanya hasikii. Tulipiga makofi Louisa ilipolipuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza watu weusi wa kile kijiji walikwenda wapi. Tulikuwa ndani ya boti pamoja na wale wazungu wawili, na kutoka ndani ya boti ukingo wa mto huonekana kama mapambo tu.

Tuanze na ujasiri uliotangazwa. Wakati ule kampuni nyingi za Hollywood zilizotaka Afrika ziliijenga nyuma ya studio, kwa minazi ya kukodi. Huston alikataa. Alitaka mto wenyewe, na alitaka filamu ya rangi. Kamera za Technicolor za siku hizo, zilizopitisha kanda tatu kwa wakati mmoja, zilikuwa mzigo wa kubebwa na watu kadhaa, na mpiga picha wake, Jack Cardiff, alizipeleka msituni. Kazi ilianza kwetu huku, katika Kongo ya Wabelgiji, mahali paitwapo Biondo kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Baadaye walihamia Uganda, kwenye Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na hapo Butiaba. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka 1987. Ndani yake mna siafu, kuhara na joto. Mna pia ndoo iliyowekwa kando ya kinanda cha kanisa ili aweze kutapika kati ya picha na picha. Yeye, asiyependa pombe, alikunywa maji tu, akaugua. Bogart na Huston walikunywa whisky, wakabaki wazima. Hadithi hiyo ya whisky imesimuliwa mara nyingi kuliko filamu yenyewe.

Sikatai kwamba waliteseka. Lakini tazameni mpaka wa mateso hayo ulichorwa wapi. Matukio ambayo Bogart na Hepburn wanaingia majini yalipigwa Uingereza, ndani ya tangi la studio, maana maji ya huku yalikuwa na mamba na kichocho. Ruba wanaomganda Bogart mgongoni, wanaomtetemesha mpaka leo kila mtazamaji, walikuwa wa mpira. Hata boti tunayoiona mtoni mara nyingi si boti. Ni mfano wake uliojengwa juu ya chelezo ili kamera zipate nafasi. Simlaumu mwongozaji kwa hilo. Hakuna mtu mwenye akili angemtosa Hepburn katika maji yale. Ila mtoto wa Tchomia anayeogelea leo ziwani, na kichocho bado kimo, hajawahi kuandikiwa kitabu cha ushujaa.

Na waliobeba? Kambi ya Biondo ilijengwa kwa mianzi na makuti kwa mikono ya wenyeji. Usiku mmoja boti ilizama, na ni wenyeji walioivuta kwa kamba mpaka ikarudi juu. Lakini tukio hilo limekuja kwetu kama kichekesho: inasimuliwa kwamba watu weusi waliambiwa waitazame boti usiku, nao wakaitazama, ikizama. Nimeikuta simulizi hii mara nyingi, na kila msimulizi huitoa kama sukari ya mwisho wa chakula. Huston mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1980, An Open Book, alipita mbali zaidi. Anadai kwamba mwindaji mweusi aliyeajiriwa kuwatafutia nyama alikuja kukamatwa na askari, kwa sababu watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakipotea, na nyama ile ikashukiwa. Mnaelewa anataka msomaji afikie wapi. Mtu aliyekaa Kongo kwa majuma machache, akiwa na whisky na bunduki ya tembo, alirudi kwao na hadithi ileile ambayo wasafiri wa karne ya 19 walirudi nayo.

Hiyo bunduki ya tembo nayo ina kisa chake. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika skripti, alimtazama Huston akihangaikia kuua tembo kuliko kupiga filamu, akaandika riwaya juu yake mwaka 1953, White Hunter Black Heart. Mwaka 1990 Clint Eastwood aliifanya filamu, akaipiga Zimbabwe. Ndani ya filamu hiyo mwongozaji ana mfuatiliaji wa wanyama anayemheshimu kuliko wazungu wenzake wote, na mfuatiliaji huyo anaitwa Kivu. Kwetu sisi jina hilo linachekesha kidogo, kana kwamba mtu aite mchezaji wake Ituri. Anauawa na tembo kwa sababu ya tamaa ya bwana wake. Kwa hiyo ilichukua takriban miaka 40 mpaka mtu mweusi wa hadithi hii akapata jina kwenye kioo, na alilipata ili afe.

Sasa niingie kwenye ujasiri wa pili, ambao kwenye matangazo haukusemwa kwa sauti kubwa, na ambao mimi nauona ndio wa kweli. Marekani ya wakati ule ilikuwa na ofisi ya kukagua filamu kabla hazijapigwa, na mkuu wake alikuwa Joseph Breen. Ofisi hiyo iliposoma skripti ilikwama mahali pamoja: mwanamume na mwanamke wasiooana wanalala katika boti moja. Tena mwanamke ni wa misheni! Mazungumzo yalikuwa marefu. Katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, boti inazama katika dhoruba kabla ya kuifikia meli, kazi inamalizwa na mashua za Waingereza, na wapenzi wetu wanapelekwa wakafunge ndoa kwa balozi bila shangwe yoyote. Filamu inamalizia kwa namna nyingine kabisa. Kapteni Mjerumani anawafungisha ndoa sitahani dakika moja kabla ya kuwanyonga, kwa ombi la Allnut, halafu Louisa inagonga mabomu ya African Queen iliyopinduka, na maharusi wanaogelea salama. Ndoa hiyo ya haraka inachekesha, na nina hakika waandishi waliijua kuwa inachekesha. Walimpa mkaguzi cheti cha ndoa alichokitaka, wakakiweka chini ya kitanzi.

Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kupitisha jambo lao. Kuna asubuhi moja katika filamu hii. Usiku wake hatukuuona. Tuliona tu wakibusiana baada ya hatari, kisha giza. Asubuhi Rose anamletea Allnut chai. Anamtazama, uso wake umekuwa wa mtu mwingine, na kwa adabu yote ya malezi yake anamuuliza jina lake la kwanza ni lipi. Mpaka hapo alikuwa akimwita Bwana Allnut. Hakuna nguo iliyovuliwa wala neno la mapenzi lililotamkwa, na bado hakuna mtu mzima ukumbini asiyeelewa kilichotokea. Niliitazama tena sehemu hiyo hivi karibuni na wanafunzi, vijana waliozoea kuona kila kitu kwenye simu zao. Ukumbi ulinyamaza, halafu binti mmoja akacheka kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Hepburn alikuwa na miaka 44 alipopiga tukio hilo, Bogart 51. Sinema za leo, zenye kujisifia uhuru wote, zinampa nani wa umri huo nafasi ya kupenda kwa mara ya kwanza? Katika jamii zetu za Ituri pia, mwanamke wa miaka hiyo asiyeolewa huombewa, hupangiwa, huulizwa maswali kwenye misiba. Haulizwi anataka nini. Rose anataka. Anateremka maporomoko, analowa, anapata woga uliochanganyika na furaha, na anakiri waziwazi kwamba mwili wake umefurahi. Hapo filamu haijazeeka hata siku moja.

Anamwaga pia pombe yote ya mwanamume huyo mtoni, chupa baada ya chupa, mwenyewe akitazama kwa kichwa kizito cha ulevi. Akina mama niliowaonesha tukio hilo hawakuhitaji mhadhara.

Breen alilinda maadili ya Wamarekani. Huku kwetu kulikuwa na mlinzi mwingine, na huyu hakushughulika na busu. Tangu mwaka 1936 amri ya serikali ya koloni ilikataza mtu mweusi kuingia kutazama filamu ambayo haijapitishwa na tume ya ukaguzi kwa ajili ya "wenyeji", na miaka ya 1950 Bula Matari, yaani serikali hiyo, alikuwa bado akitenga wazi kati ya sinema za wazungu na sinema za weusi. Hofu ilijulikana: mweusi asimuone mzungu akilewa, akiiba, akipigwa, wala mwanamke wa kizungu akilala na mwanamume asiye wake. Hebu pimeni The African Queen kwa mizani hiyo. Inaye mzungu mlevi mchafu. Inaye mhubiri anayerukwa na akili. Inaye mwanamke wa misheni asiyengoja ndoa. Na mwishoni wazungu wanawanyonga wazungu wenzao, au karibu. Mtu wa Biondo aliyebeba kamera ile kichwani aliruhusiwa kuibeba. Kuingia ukumbini kuona ilichokibeba tumboni lilikuwa swali jingine, lenye tume yake.

Nimefika mahali ninapotaka tukae. Ni dakika za mwanzo kabisa, kabla ya vita na kabla ya boti kuondoka. Tuko kanisani. Samuel anaongoza wimbo kwa sauti ya kukata tamaa, Rose yuko kwenye kinanda, jasho linamtiririka, na viti vyote vimejaa wanakijiji. Hawaimbi, wananguruma. Kila mmoja ana sauti yake na maneno yake yasiyo maneno, na kamera inapita usoni mwao ili mtazamaji wa Chicago acheke. Nje, honi ya African Queen inalia. Allnut anatua, anakuja mpaka karibu na kanisa akivuta sigara nene, na anapokaribia anaitupa nusu yake chini. Wanaume waliokuwa nje wanaiangukia, wanaigombania kwa vurugu, kelele zinaingia ndani, ibada inavurugika, na mhubiri anakasirika.

Tukio hilo lote halizidi dakika chache. Nilipokuwa kijana nililicheka pamoja na wengine. Sasa nalisimamisha, narudisha nyuma, natazama nyuso. Mwandishi aliyelipanga alitaka kutuonesha kwamba dini ya Samuel haijapenya. Kipande cha sigara kina nguvu kuliko zaburi. Ni wazo la kejeli, na kejeli yenyewe ilikusudiwa kwa mhubiri, maana Huston hakuwa mtu wa kanisa. Tatizo ni waliopewa kulipa gharama ya kejeli hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kusikia kwaya za huku, za Kikatoliki, za kanisa la CECA 20, za Waanglikana wa Boga, anajua kwamba wimbo wa mzungu ukishapita miaka miwili katika kijiji cha Kiafrika huimbwa kwa sauti nne na ngoma juu yake. Apolo Kivebulaya alifika Boga mwaka 1896. Yeye alikuwa Muganda, mwinjilisti mweusi, na hakuhitaji boti la Allnut kumletea barua. Kile kijiji cha kwenye filamu, chenye mzungu mmoja anayeimba na weusi wanaonguruma, hakikuwepo katika eneo hili hata siku moja.

Lakini nyuso zimo, na hilo mwandishi hakulipanga. Kamera ya Cardiff ilikuwa nzuri mno. Kuna mama mmoja mwenye mtoto mgongoni asiyecheza chochote: anatazama tu, moja kwa moja, kana kwamba anahesabu muda uliobaki kabla ya kulipwa. Kuna mzee anayejizuia kucheka. Baada ya moto watu hawa wanaondoka kwenye filamu na hawarudi. Weusi tunaowaona baadaye ni askari wanaofyatua risasi kutoka juu ya ngome. Orodha ya majina ina Bogart, Hepburn, Robert Morley, Peter Bull, na wazungu wengine wachache waliocheza Wajerumani. Haina jina la mwanakijiji hata mmoja.

Historia iliyo nyuma ya riwaya nayo ilipunguzwa watu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1915 Waingereza kweli walipeleka boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwenda kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Zilitoka Cape Town kwa reli mpaka Fungurume, zikaburuzwa katika milima na misitu ya Katanga kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa vibarua wa Kikongo waliojenga madaraja na kukata njia, zikapita Bukama na mto Lualaba mpaka Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Waingereza waliikamata Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wasafiri wengi wa Kigoma wanaijua. Riwaya ilipochukua kisa hicho iliwaacha wapenzi wawili peke yao mtoni. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mapenzi ya watu wawili katikati ya mamia ya vibarua ni hadithi ngumu kuandika. Ngumu, lakini siyo isiyowezekana, na ningeipenda zaidi.

Neno moja kwa mafundi wa mota waliomo humu. Kuna tukio ambalo ninyi mtalielewa kuliko maprofesa. Injini ya African Queen ina kasoro, na Allnut huiponya kwa kuipiga teke. Anaeleza kwamba bisibisi ilidondoshwa ndani na mmoja wa vijana wake. Angeweza kuitoa, lakini amezoea kupiga teke na anapenda. Angalieni kosa limewekwa kwa nani. Hata hivyo Bogart anaicheza vizuri mno. Mikono yake inajua valvu ilipo bila macho kutazama. Kila nahodha wa mota kati ya Kasenyi na Ntoroko ana teke lake.

Na boti yenyewe ilikuwa ya huku. Jina lake halisi ni Livingstone. Ilijengwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikaletwa kufanya kazi kwenye Nile na Ziwa Albert, na baada ya Hollywood kuondoka ilirudia shughuli zake za mizigo na abiria mpaka mwaka 1968. Sasa iko Key Largo, Florida, imetengenezwa upya, na watalii wanalipa kuipanda. Butiaba nayo ilifunikwa na maji ziwa lilipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na meli kubwa Robert Coryndon, iliyowavusha watu kati ya kule na Kasenyi yetu, ikaozea palepale.

Kwa hiyo nina ombi badala ya hitimisho, na ndiyo sababu nilituma watu kuwaita wazee wa ziwani. Boti ile ilifanya kazi katika maji haya kwa miongo zaidi ya mitano. Filamu iliitumia kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio ulioandikwa. Miaka mingine yote ina watu wake: makapita, wachochezi wa moto, wapakiaji wa samaki wa chumvi, wafanyabiashara waliovuka na vitenge. Baadhi yenu mlikuwa watoto bandarini wakati huo, au baba zenu walifanya kazi kwenye Coryndon. Huenda yumo hata mtu ambaye shangazi yake aliolewa ng'ambo na kukaa katika kanisa lile la uongo siku ile ya kamera. Vijana wa idara ya historia wamekaa pale mlangoni na daftari na simu za kurekodi. Tutaonesha dakika 15 za mwanzo tu, mara mbili, ya pili bila sauti, na taa hazitazimwa zote. Mkimwona mtu mnayemjua, msingoje mwisho. Inueni mkono, tutasimamisha picha, na mtuambie anaitwa nani.